Mimi Ndiye Picha wa Naseem

Ijumaa, 7 Novemba 2014. Riyadh.

Tumeshindwa besiboli. Kumi na moja kwa mbili. Siyo kosa langu. Naandika hapa ili ukweli uwe mahali fulani, maana kule kiwanjani hakuna mtu anayeutaka.

Kwanza jua lilikuwa machoni. Pili mpira ulikuwa mpya, unateleza kama sabuni. Tatu mdakaji wetu, yule Mfilipino mfupi anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, alikuwa anakohoa. Mtu anayekohoa utamrushiaje? Mimi nilirusha vizuri sana. Wao ndio walipiga vizuri zaidi. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Bega linauma kidogo. Siyo kuuma. Linaongea.

Mchezo ukiisha, Rodel kanijia. Rodel ndiye kapteni, fundi umeme, Mfilipino mwenye meno mazuri na maneno laini. Akanishika mkono, ule ule wa kurushia, akaupapasa kama mtu anayenunua mbuzi. Akauliza nina miaka mingapi. Nikasema arubaini na tisa. Akacheka. Ikama yangu, kibali cha kuishi hapa, inasema hamsini na nane, lakini ikama iliandikwa na karani aliyekuwa na haraka ya kwenda kula.

Halafu kuna hii Tatay. Miaka mitano wamekuwa wakiniita Kuya, yaani kaka. Tangu mwezi uliopita wote wamehamia Tatay. Nimemuuliza mpishi wao maana yake, akasema ni baba. Ati ni heshima. Kwani nani aliomba heshima?

Basi Rodel akasema ataanza kumjaribu Japheth kwenye kurusha. Kumjaribu tu, Tatay, usikasirike. Japheth! Mlinzi wa ghala, mtu wa Bungoma, amekuja Saudia juzi, hata mchanga haujamwingia masikioni. Mkono mrefu kama bomba la maji. Kazi yake ni kuokota mipira iliyotoka nje, na anaifanya vizuri, na hapo angebaki.

Nikamwambia Rodel mimi ndiye picha. Halas, basi. Nikaenda zangu. Mfuko wangu nikabeba kwa mkono wa kushoto, lakini hiyo ni kwa sababu nilitaka.

Jumapili, 9 Novemba.

Nimepeleka watoto wa bosi shule, nimemrudisha madam kutoka sokoni, nimeosha gari. Kazi ya dereva ni kungoja. Nikingoja nafikiri. Nikifikiri, mtu fulani ajihadhari.

Niandike jinsi nilivyoanza, kwa sababu Japheth anadhani niliokotwa. Ilikuwa 2009, hapa hapa mtaa wa Naseem, nje ya geti la bosi. Njiwa walikuwa wanachafua gari. Mimi nimekulia kwenye mpunga wa Ahero, kule Kenya. Tangu nina miaka sita kazi yangu ilikuwa kufukuza ndege shambani kwa mabonge ya tope. Ndege akiwa mbali kama ule mnara wa msikiti, nampata. Sikosi. Basi nilikuwa naokota kokoto na kuwatoa njiwa kwenye waya, mmoja mmoja. Rodel alikuwa juu ya ngazi, nyumba ya jirani, anafunga taa. Akaniita kwa Kiingereza chake: wewe ni pitcher? Mimi nikasikia anataka picha. Nikafuta mikono, nikaegemea gari, nikatoa kifua nje, nikatulia angoje tu kubonyeza. Alicheka mpaka nusura aanguke na ngazi.

Tangu siku hiyo mrushaji wa timu yetu haitwi kitu kingine. Wafilipino wote wanasema picha. Rodel mwenyewe anajigamba anajua Kiswahili: picha, chapati, pole pole. Mimi ndiye niliyemfundisha! Jina la kazi yenyewe limetoka mdomoni mwangu, na sasa wanataka kumpa mtu wa Bungoma.

Siku sita katika nyumba hii mimi ni sawag tu, dereva. Madam akigonga kioo anasema yalla, twende. Miaka saba hajawahi kusema Elkanah. Sidhani analijua. Ijumaa, nikipanda kile kilima kidogo cha mchanga katikati ya kiwanja, watu arubaini wanapiga kelele El-ka-na! El-ka-na! Hiyo siachi. Waning'oe meno kwanza.

Jumanne, 11 Novemba.

Nina mpango. Mzuri mpaka nimeogopa.

Sitamzuia Japheth. La. Nitamfundisha.

Kufukuza ndege kuna mtindo wake. Bonge la tope unalibana kwa vidole viwili pembeni, na likitoka unavuta kidole cha kati chini yake, ili likifika mbali lianguke ghafla na kupasukia juu ya ndege. Kwa tope ni sawa. Kwa besiboli ni upuuzi. Mpira hautakiwi kuanguka. Mpira unatakiwa kwenda moja kwa moja kama risasi, kama wangu. Mtu akirusha mpira kwa mtindo wa tope atachekwa mpaka arudi kuokota.

Nimempitia ghalani saa yake ya mapumziko. Nimemwambia kwa upole kwamba mimi mzee wa timu nimeona kipaji chake, na kuna siri nitampa yeye peke yake. Macho yakamtoka. Tumerusha nyuma ya ghala saa nzima. Nilimshika vidole mwenyewe nikavipanga. Akawa anasema ndiyo mzee wangu, sawa mzee wangu, hivi mzee wangu? Mpira ukawa unaanguka vibaya kabisa! Nikamsifu sana.

Alipoenda kurudi kazini alinipa mkate wake wa mchana. Akanishukuru mara tatu. Akasema tangu atoke nyumbani hakuna mtu aliyemfundisha kitu bila kumpigia kelele.

Nimekula mkate. Ulikuwa mkavu.

Ijumaa, 14 Novemba.

Sijui nianzie wapi.

Mazoezi. Rodel akasema Japheth apande kilimani. Nikakaa vizuri kwenye ndoo, nikakunja mikono, nikaandaa uso wa kusikitika. Japheth akarusha. Mpira ukaenda moja kwa moja. Mpigaji akavuta gongo lake, akapiga kwa nguvu zote, na hapo hapo mpira ukaanguka kama umekatwa uzi. Jamaa akapiga hewa. Akazunguka mwenyewe, akakaa chini.

Wa pili, hewa. Wa tatu, hewa. Rodel kachukua gongo mwenyewe, na Rodel anapiga tangu akiwa mtoto kwao. Hewa! Mara tatu!

Wafilipino wakapiga mayowe kama wameona mtu katoka kaburini. Wakamzunguka, umejifunza wapi? Naye yule mjinga, badala ya kusema uongo kama binadamu, akaninyooshea kidole. Ati Mzee Elkanah ndiye kanifundisha.

Wakanibeba. Mimi! Watu sita. Nilitaka kusema nilikusudia kumharibu, lakini jambo hilo huwezi kulisema ukiwa umekumbatiwa. Rodel machozi yalikuwa yanamlenga. Alisema miaka mitano aliyonijua hakujua kama nina moyo mkubwa hivyo.

Kisha nikadai zamu yangu. Nikarusha mipira sita. Miwili ilimfikia mdakaji. Minne ilichoka njiani. Kulikuwa na upepo. Hakuna aliyeutaja huo upepo, hata mmoja.

Ijumaa ijayo tunacheza Jeddah na timu ya Kandara, mtaa wa huko. Ndiyo mechi kubwa ya mwaka. Rodel kasema ataniambia kwa simu mambo yatakavyokuwa. Alisema akiangalia viatu vyake.

Jumapili, 16 Novemba.

USHINDI.

Rodel ametuma ujumbe wa sauti. Nauandika kama ulivyo: Mzee Elkanah, Jeddah, picha first. You! Everybody wait for you. Very important. Pole pole, okay?

Picha first! Yaani picha wa kwanza ni mimi. Na kila mtu ananingoja. Nimesikiliza mara kumi na tisa. Ya ishirini nilimsikilizisha muuza duka, Myemeni. Hakuelewa kitu lakini alikubali.

Sasa shida ni kufika. Familia ya bosi inakwenda Jeddah wiki hii hii, kwa arusi ya mdogo wake madam, lakini wanakwenda kwa ndege na mimi nibaki nikilinda geti. Nikamwendea bosi. Nikamwambia, baba, Jeddah mtatembea na gari la nani? Akasema shemeji yake ana dereva. Nikatingisha kichwa kwa huzuni. Nikasema nimesikia dereva yule anasinzia kwenye usukani. Sikumjua dereva mwenyewe, simjui hata sasa. Lakini madereva husinzia, kwa hiyo siyo uongo kabisa.

Bosi kashtuka. Amesema nitangulie na gari na masanduku. Kilomita mia tisa na kitu, peke yangu. Kwa hiyari yangu!

Bega nimelipaka dawa ya kuchua. Sasa linaongea kwa sauti ya chini.

Alhamisi, 20 Novemba. Jeddah.

Nimefika. Tuko mtaa wa Al-Safa, nyumba ya shemeji yake bosi. Mwili wote umekauka kama samaki. Nimeendesha njia nzima kwa mkono wa kushoto.

Jikoni hapa anafanya kazi Roseline, mdogo wake mke wangu Truphena. Nilitegemea nipokelewe. Nilipokelewa kwa mwiko. Kumbe dereva niliyemsingizia ni Laban, mtu wa Kisii, mzee wa kanisa, watoto watano, hajasinzia tangu azaliwe. Bosi wake amempokonya funguo. Amekaa siku tatu kwenye kibanda chake anaangalia ukuta. Roseline akaniuliza, shemeji, mtu huyu amekukosea nini? Nikasema hajanikosea. Akasema basi wewe ni mchawi.

Kibaya zaidi: Laban akiwa hana funguo, kazi yake yote ni yangu! Kesho saa tisa alasiri nipeleke akina mama saluni. Saa tisa ndiyo mechi. Nimejifungia mlango mwenyewe nikiwa nje.

Ikabidi nimrudie bosi, ambaye alishafika kwa ndege. Nikamwambia nilichanganya Laban na Laban mwingine, wa Dammam, huyo ndiye anasinzia. Bosi akasema halas, arudishiwe funguo, na mimi kesho nipumzike, naonekana mgonjwa. Nilikwenda kumpa Laban habari. Alipokea funguo, akaniambia Mungu anibariki. Hakuniangalia.

Jioni Roseline alinipa chai pale mlango wa jikoni. Nikamsikilizisha ujumbe wa Rodel ili ajue anaongea na nani. Alisikiliza mara moja tu. Akasema, shemeji, hiyo ni picha. Nikasema ndiyo, mimi ndiye picha. Akasema hapana, picha. Ya kamera. Ya ukutani. Wanataka kukupiga picha wakuage, halafu mechi ianze. Siyo picha wa, ni picha ya.

Nikamwambia hajui besiboli. Akasema besiboli hajui, lakini ameona nimeshika kikombe cha chai kwa mikono miwili.

Kilikuwa cha moto!

Akasema, shemeji, mambo ya mpira wewe umeyafanya kuliko sisi wote, hata dada huko nyumbani anatamba nayo kanisani. Acha sasa, ukae wakuone. Nikamwambia chai yake haina sukari. Ilikuwa nayo.

Ijumaa, 21 Novemba.

Naandika kwa sababu nilisema nitaandika ukweli. Nitaandika haraka.

Kiwanja kiko nyuma ya Kandara, mchanga mgumu, maduka madogo upande mmoja. Timu yetu ilikuwa imekuja kwa basi. Niliposhuka kwenye teksi walipiga makofi. Nikawapungia mkono, wa kushoto. Sikuongea na mtu. Nikapita katikati yao moja kwa moja, nikapanda kilimani, nikasimama. Picha wa kwanza.

Rodel akaniita nishuke. Sikushuka. Akaongea na wenzake. Wakaja wote kwangu, wakanizunguka, mmoja akapiga magoti mbele na simu. Nikafikiri, labda huku Jeddah ndiyo desturi yao. Wakakunjua kitambaa kirefu. Kiliandikwa SALAMAT TATAY ELKANAH. Salamat ni asante. Na chini yake, kwa rangi nyekundu: 2009 – 2014.

Miaka miwili na kistari katikati. Kama kaburi!

Wakapiga hiyo picha. Ndiyo, ya kamera. Roseline asijue kamwe.

Kisha zawadi. Kiti. Cha kukunja, cha bluu, kina mahali pa kuwekea chupa. Rodel alisema mimi sasa ni mwalimu wa timu, nitakaa pale kivulini, kila mechi, hadi mwisho. Mtu hupewa kiti akiwa mgonjwa au akiwa chifu, na chifu hapewi kinachokunjwa.

Nikasema sitoki.

Refarii akaangalia saa. Watu wa Kandara wakaanza maneno. Mkenya mmoja wa upande wao akapaza sauti, huyo babu ni sehemu ya kilima ama? Wakacheka. Rodel akasema Tatay, please. Nikasema picha ni mimi, nina ujumbe wake wa sauti, niuweke hapa mbele ya wote? Akanishika bega. Lile. Nilipiga yowe ambalo sikulipanga.

Hapo ndipo walijua.

Japheth akaja na mpira. Akaninong'oneza, mzee wangu, rusha wewe wa kwanza, mimi nitaendelea. Hakuna kitu kibaya, mzee wangu. Mmoja tu.

Nikauchukua. Nikavuta mkono nyuma mpaka ulipokubali, na haukukubali mbali. Nikarusha.

Ulitoka vizuri. Naapa ulitoka vizuri. Ukaenda, ukaenda, ukagusa mchanga katikati ya njia, ukadunda kidogo, ukabingirika, ukasimama. Mpigaji alishusha gongo lake. Alisimama nalo kama mtu aliyevua kofia.

Hakuna aliyecheka. Wangecheka ningejua la kufanya. Ningetukana, nina matusi ya lugha nne.

Japheth akaenda akauokota. Akanirudishia kwa mikono miwili, ameinama kidogo, kama unavyompa mzee maji ya kunawa. Kisha wakaanza, timu zote mbili, hata wa Kandara: El-ka-na. El-ka-na. Pole pole, kwa sauti ya chini, vile watu wanavyomshangilia mtoto anayejifunza kutembea. Miaka mitano nimelilia jina langu, na leo nilitaka walifunge mdomoni walimeze.

Nikampa Japheth mpira. Niandike wazi: sikustaafu. Nilimwazima.

Tukashinda sita kwa moja. Kwa mtindo wa tope. Kila mpigaji wa Kandara akipiga hewa, Wafilipino walinigeukia na kunipigia saluti, nami nikiwa kwenye kiti, maji yangu yako mahali pa chupa. Kiti chenyewe kinafaa. Hilo nalo linaniuma.

Jumatatu, 24 Novemba. Riyadh.

Siku mbili sikuandika. Nilikuwa nafikiri.

Japheth amenipigia mara nne. Anataka kuja Alhamisi nimtazame vidole. Anasema bila mimi hajui kama anakosea. Sikupokea. Mara ya tano nilipokea, nikamwambia nina shughuli, nikakata, kisha nikampigia tena kumwambia anyooshe kifundo cha mkono zaidi. Basi. Hayo tu.

Rodel ametuma ile picha. Wote wanacheka, mimi nimetazama mbele kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Truphena ameshaiona, sijui nani kamtumia. Amefurahi. Amesema sasa nimemaliza vizuri, kwa nini nisirudi nyumbani nikapumzike, mpunga upo. Nikamwuliza nani kasema nimemaliza. Akasema imeandikwa hapo kwenye kitambaa. Nikasema aliyeandika ni fundi umeme.

Nimechunguza jambo lote kama dereva, bila hasira. Jeddah iko karibu na bahari. Hewa yake nzito. Mpira haupiti kwenye hewa ya namna ile. Kwa hiyo ile ya Ijumaa haihesabiwi.

Pili. Mkono wa kulia umefanya kazi tangu mpunga wa Ahero, miaka hamsini na mbili, bila hata siku moja ya gereji. Gari lolote lingekufa. Lakini huu wa kushoto! Umefanya nini maishani? Umeshika usukani, umebeba mfuko, umepungia watu. Haujarusha hata jiwe moja. Ni mpya kabisa. Uko kwenye karatasi zake za dukani.

Kumbe wakati wote huu nilikuwa na picha mwingine begani na sikujua!

Leo asubuhi, bosi akiwa kazini, nimesimama katikati ya ua, nikalenga pipa la taka lililo mbele yangu hatua kumi. Nikarusha kwa kushoto. Mpira umevunja taa ya geti.

Geti lilikuwa nyuma yangu.

Nguvu ipo. Iliyobaki ni kuelekeza tu.